Ramani ya Mbu na Mahali Pasipo na Alama

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wataalamu wa afya na wa mazingira, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii ya kuzungumza juu ya kazi isiyo na fahari machoni pa watu, ingawa bila yake hatua nyingi za kujikinga na maradhi huchukuliwa kwa kubahatisha. Ni kazi ya kujua mbu gani yuko wapi, yuko hapo tangu lini, na anaelekea wapi. Nitawazungumzia mbu wageni wanaovamia maeneo mapya, na pia mbu asilia ambao wamekuwa wakiishi katika maeneo hayo tangu zamani, na nitashikilia hoja moja tangu mwanzo. Ramani ya mbu ni, kabla ya jambo lingine lolote, ramani ya mahali ambapo watu walikwenda kutafuta. Kila alama iliyomo inatuambia kwamba mtu alifika hapo, akatega, akachota maji, akatazama kwa hadubini na kuandika. Mahali pasipo na alama huenda kweli hapana mbu huyo, na huenda vilevile hapajawahi kukanyagwa na mtafutaji. Ramani nyingi tunazozitegemea hazitenganishi mambo hayo mawili, na kutotenganishwa huko kumewagharimu watu afya na maisha.

Sayansi imekwisha kueleza spishi zaidi ya 3,500 za mbu, na sehemu kubwa ya hizo haina madhara makubwa kwa binadamu. Katika jenasi ya Anopheles, yenye spishi zaidi ya 400, ni takriban 40 tu zinazohesabiwa kuwa waenezaji muhimu wa malaria. Wako mbu wa jenasi ya Toxorhynchites ambao hata jike lao halinywi damu, na viluwiluwi wao huwala viluwiluwi wa mbu wengine ndani ya mashimo ya miti. Kwa sababu hiyo, taarifa inayosema tu kwamba mbu wengi walionekana mahali fulani haimsaidii mpangaji wa hatua za kinga, kwa kuwa haimwambii kama anapaswa kuhofia malaria, homa ya dengue, chikungunya, au usumbufu wa kuumwa peke yake.

Mfano mzito kuliko yote katika miaka hii ni wa Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na sehemu za Rasi ya Arabuni, na kwa miongo mingi amejulikana kuwa mwenezaji wa malaria mijini, hasa India. Kinachomtenga na Anopheles wengi wa Afrika ni kwamba hutaga bila shida katika maji yaliyohifadhiwa na watu: matangi, mapipa, visima, na maji yaliyokusanywa kwenye majengo yanayojengwa. Mwaka 2012 mbu huyu alikutwa Djibouti. Nchi hiyo ilikuwa imeishusha malaria kiasi kwamba mwaka huohuo iliripoti wagonjwa 27 pekee. Mwaka 2020 iliripoti wagonjwa 73,535. Si haki kumtwisha mbu mmoja mzigo wote wa ongezeko hilo, kwa kuwa kuhamahama kwa watu na hali ya huduma za afya navyo vina nafasi yake, lakini hakuna anayefuatilia suala hili kwa makini anayeona kwamba kuwapo kwake lilikuwa jambo dogo. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa nchini Ethiopia ulipatwa na mlipuko wa malaria wakati wa kiangazi, msimu ambao kwa kawaida ugonjwa hupungua, na uchunguzi uliofanyika ulimhusisha mbu huyohuyo kwa ushahidi wenye nguvu.

Hebu tuangalie orodha ya miaka. Ethiopia ilimkuta mwaka 2016, Somalia 2019, Nigeria 2020, na Ghana na Kenya 2022. Wengi huisoma orodha hiyo kana kwamba ni ratiba ya safari, kwamba mbu alitoka huku akaingia kule mwaka fulani. Mimi naisoma kwa tahadhari zaidi. Hiyo ni miaka ambayo mbu alitambuliwa, na kati ya siku ya kuingia na siku ya kutambuliwa kuna muda ambao orodha haiuoneshi. Nchini Ethiopia, baada ya kukutwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Kebri Dehar, watafiti walipopanua utafutaji mwaka 2018 walimkuta katika miji mingi waliyoikagua. Mdudu hawezi kuwa amejaa katika miji mingi kiasi hicho kwa ghafla. Alikuwa yumo, na kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa anatafutwa.

Kwa nini hakuonekana mapema? Nakaa kidogo kwenye swali hili kwa sababu majibu yake yanahusu kila nchi na kila spishi. Mtaalamu anapomtambua mbu kwa hadubini hutumia mwongozo wa utambuzi, ambao humwongoza hatua kwa hatua: tazama madoa ya bawa, tazama magamba ya mguu, tazama vipapasio, hadi ufike kwenye jina. Mwongozo mkuu uliokuwa ukitumiwa kwa Anopheles wa Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 1987 haukuwa na Anopheles stephensi ndani yake, kwa kuwa hakuwa mbu wa huko, na ilipofika mwaka 2020 ndipo mwongozo mpya uliomjumuisha ukachapishwa. Mwongozo usio na jina la mgeni hausemi kwamba haumjui. Humpeleka mtumiaji kwenye jina la mwenyeji anayefanana naye zaidi, na mtumiaji huandika jina hilo kwa imani njema. Mbu wa hatari anaweza kupita mkononi mwa mtaalamu mwenye bidii na kuingia kwenye kumbukumbu kwa jina la mwingine.

Mitego nayo ilichangia. Mitego ya taa inayotundikwa ndani ya nyumba usiku iliwekwa ili kuwanasa Anopheles wa vijijini wanaoingia kwa watu waliolala, na kwa kazi hiyo ni mizuri. Kwa Anopheles stephensi aliyekomaa mitego hiyo hunasa wachache mno, kiasi kwamba watafiti wengi humpata kwa urahisi zaidi akiwa kiluwiluwi ndani ya tangi la maji. Tena mtu anayekagua matangi ya maji mijini kwa kawaida hukagua kwa ajili ya Aedes aegypti, mwenezaji wa dengue, na mara nyingi hufanya hivyo kwa niaba ya idara tofauti na ile ya malaria, akiwa na fomu isiyo na nafasi ya kuandika Anopheles. Spishi hizo mbili zimekutwa pamoja katika tangi moja. Kuwatofautisha viluwiluwi wao hakuhitaji hata hadubini: kiluwiluwi wa Aedes huning'inia kichwa chini, akipumua kwa mrija uliotokeza nyuma ya mwili wake, ilhali kiluwiluwi wa Anopheles hana mrija huo na hulala sambamba na uso wa maji. Mkaguzi mwenye tochi na ufahamu wa jambo hilo moja anaweza kuipa nchi yake tahadhari ya miaka kadhaa, ili mradi fomu yake imruhusu kuandika alichokiona na kuwe na mtu wa kuisoma.

Historia ilikwisha kutufundisha haya. Mwezi Machi mwaka 1930, mtaalamu wa wadudu Raymond Shannon alikuta viluwiluwi wa Anopheles wa Afrika katika mji wa Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inaaminika kuwa walivuka bahari kutoka upande wa Dakar kwa meli za mwendo wa kasi zilizokuwa zikifanya kazi ya posta kati ya mabara hayo. Hatua zilichukuliwa, malaria ikapungua mjini Natal, na macho ya wakubwa yakageukia mambo mengine. Mbu hakuwa ameondoka. Alisambaa taratibu kando ya pwani na katika mabonde ya mito, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumtafuta, hadi mwaka 1938 ulipozuka mlipuko mkubwa wa malaria ulioua maelfu ya watu. Kampeni iliyoongozwa na daktari Mmarekani Fred Soper ilimwondoa kabisa kufikia mwaka 1940, kwa kazi ya nyumba kwa nyumba na dimbwi kwa dimbwi ambayo bado hutajwa kwa heshima. Watu hupenda kusimulia miaka hiyo ya mwisho. Kwangu mimi sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile miaka ya katikati, ambapo ramani ilionesha utulivu kwa sababu ilikuwa imeacha kuchorwa.

Kisa hicho kina jambo lingine ambalo sitaki lipite. Wakati ule mbu huyo aliitwa Anopheles gambiae, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba chini ya jina hilo zimo spishi kadhaa zinazofanana kabisa kwa macho. Miongo mingi baadaye, vielelezo vya Brazili vilivyotunzwa katika makumbusho vilichunguzwa vinasaba vyake, na ikathibitika kuwa vilikuwa vya Anopheles arabiensis, anayestahimili ukame kuliko ndugu zake na anayewafuata pia ng'ombe. Jibu lilipatikana kwa sababu mtu fulani hakuridhika na kuandika jina tu, bali alimchoma mbu pini, akamwekea lebo ya mahali na tarehe, na akamhifadhi.

Sasa nije kwenye njia ambazo mbu husafiria. Aedes huruka mita mia chache tu katika maisha yake yote, na bado Aedes albopictus, mwenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ameenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakiwa yamebandikwa ndani ya chombo juu kidogo ya maji, na huanguliwa chombo kinapojaa tena. Matairi yaliyotumika, ambayo hushika maji ya mvua na kuuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, yamekuwa chombo chake kikuu cha safari. Mwaka 1979 alitambuliwa Albania. Mwaka 1985 alikutwa akizaliana Houston, Marekani, na matairi kutoka Asia yakashukiwa. Mwaka 1990 alikuwa ameingia Genoa, Italia. Mwaka 2001 aliingia California pamoja na shehena za mimea ya mapambo iliyosafirishwa ikiwa imesimama ndani ya maji. Akishafika, huendelea kwa magari ya kawaida: huingia ndani ya gari akimfuata mtu, mlango ukafungwa, akatoka mji mwingine. Ndiyo maana mitego mingi ya Ulaya imewekwa kwenye vituo vya kupumzikia vilivyo kando ya barabara kuu, na ndiyo maana alama zake mpya kwenye ramani mara nyingi hujipanga kwa kufuata barabara.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinazitaka nchi kudhibiti wadudu waenezaji wa maradhi hadi umbali usiopungua mita 400 kutoka kwenye viwanja vya ndege, bandari na vituo vingine vya kuingilia. Ni kanuni nzuri. Lakini kontena la matairi halifunguliwi bandarini siku zote. Huenda likafunguliwa kwenye yadi ya mfanyabiashara, mwendo wa siku nzima kutoka baharini, na mtego uliopo bandarini hauwezi kuona hayo. Mtu anayetaka kujua mahali pa kutega asome kwanza mtiririko wa bidhaa, kisha ndipo asome hali ya hewa.

Italia inatuonesha pia gharama ya kuzoea. Kwa miaka mingi baada ya 1990, Aedes albopictus alionekana kuwa kero ya bustanini tu. Mwaka 2007 msafiri mmoja alifika katika mkoa wa Emilia-Romagna akiwa na virusi vya chikungunya, na watu takriban 200 wakaugua ugonjwa ambao haukuwahi kuenezwa na mbu wa huko. Kisiwani Madeira, Aedes aegypti aliripotiwa mwaka 2005, na mwaka 2012 ukaja mlipuko wa dengue uliowapata watu zaidi ya 2,000. Mbu hufika kwanza, virusi hufuata baadaye, na muda ulio katikati unaweza kuwa miaka saba au kumi na saba. Huo ndio muda ambao ufuatiliaji una thamani kubwa zaidi, na ni muda uleule ambao kuombea fedha za ufuatiliaji ni kugumu zaidi, kwa kuwa hakuna mgonjwa hata mmoja wa kumwonesha mtoa fedha.

Ndugu zangu, nimewazungumzia wageni kwa kirefu, na huenda baadhi yenu mmeanza kudhani kwamba mbu asilia ni suala la pembeni. Kwangu mimi wao ndio msingi. Mgeni hatambuliki na mtu asiyewajua wenyeji. Iwapo hakuna orodha ya mbu waliokuwapo katika bonde fulani miaka ishirini iliyopita, basi mbu yeyote atakayeokotwa leo anaweza kuitwa mgeni na mmoja, na akaitwa mwenyeji na mwingine, na wote wawili wakakosa namna ya kuthibitisha.

Isitoshe, hatari mpya si lazima ije na mbu mpya. Mwaka 1999 virusi vya Naili Magharibi, ambavyo huishi kwa ndege na huweza kumuugua binadamu akiumwa na mbu, vilipotokea New York, vilienezwa na Culex pipiens, mbu aliyekuwa amekaa katika miji ile kwa vizazi vingi na ambaye wengi hawakuona sababu ya kumhesabu. Wataalamu waliokuwa na kumbukumbu za Culex wa miaka iliyopita walipata pa kuanzia, na wale wasiokuwa nazo walianza kuhesabu katikati ya dharura.

Mpaka kati ya mwenyeji na mgeni nao si mstari ulionyooka. Aedes aegypti asili yake ni Afrika, na alisafirishwa hadi Amerika kwa meli za biashara ya watumwa, akafanya homa ya manjano kuwa janga la bandari za upande ule. Ndani ya Afrika kwenyewe liko umbo lake la msituni, linalotaga katika mashimo ya miti na lisilompendelea sana binadamu, na liko umbo la majumbani, linalomfuata binadamu hadi chumbani. Katika eneo la Rabai, pwani ya Kenya, maumbo hayo mawili yamechunguzwa yakiishi kwa kukaribiana. Kumbukumbu inayoandika Aedes aegypti bila kueleza aliokotwa wapi, ndani au nje, katika mtungi au katika shimo la mti, inawaunganisha mbu wawili ambao kwa afya ya watu ni tofauti sana.

Wageni huwaathiri wenyeji pia. Aedes albopictus alipoenea kusini-mashariki mwa Marekani, Aedes aegypti, ambaye naye alikuwa mgeni wa zamani huko, alipungua na kutoweka katika maeneo mengi, kwa sababu viluwiluwi walishindania chakula, na kwa sababu majike waliopandwa na madume wa spishi nyingine walipoteza uwezo wa kuzaa na madume wa kwao. Visiwani Hawaii, ambako hapakuwa na mbu kabisa, Culex quinquefasciatus aliingia mwaka 1826 kwa meli. Baadaye vimelea vya malaria ya ndege vilipofika, mbu huyo akawa mwenezaji wake, na ndege wadogo wa misitu ya huko ambao hawapatikani kwingineko duniani wakaangamia au kukimbilia milima ya juu, kwenye baridi isiyowafaa mbu. Sasa joto linaongezeka, mbu wanapanda, na nafasi iliyobaki juu ya milima hiyo ni ndogo. Nalitaja hili kwa sababu tunapozungumzia mbu tunazoea kujihesabu sisi peke yetu kuwa wahanga.

Hata mbu asilia hawatulii mahali pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikusanya kumbukumbu za Anopheles wa Afrika kusini mwa Sahara kuanzia mwaka 1898 hadi 2016, na ukakadiria kwamba kwa wastani spishi hizo zilipanda mita 6.5 kila mwaka kuelekea nyanda za juu, na mpaka wao wa kusini ulisogea kilomita 4.7 kila mwaka. Ni matokeo yanayoafikiana na kuongezeka kwa joto, na mimi nayachukulia kwa uzito. Lakini kwa hoja ile niliyoanza nayo, lazima niulize pia swali ambalo watafiti wenyewe wanalijua: je, katika miaka hiyo mia moja na zaidi, watafutaji nao hawakuwa wakipanda mlima? Kama kila safari ya kutega ingeacha kumbukumbu ya mahali palipotegwa bila kupatikana kitu, swali hilo lingejibiwa kwa hesabu rahisi. Kwa kuwa kumbukumbu za kukosa hazikuandikwa, linajibiwa kwa makadirio.

Tena kuna mambo ambayo hatukuyafikiria kabisa mpaka mtu alipotega mahali pasipotarajiwa. Nchini Mali watafiti walitundika nyavu zenye gundi kwenye maputo ya heliamu, kati ya mita 40 na mita 290 juu ya ardhi, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019 walionesha kwamba mbu, wakiwamo Anopheles coluzzii, mmoja wa waenezaji wa malaria, husafiri na upepo usiku. Wengi wao walikuwa majike waliokwisha kunywa damu, na makadirio yalionesha kuwa wanaweza kusafirishwa hadi kilomita 300 kwa usiku mmoja. Mpango wowote wa kumwondoa mbu kutoka kijiji kimoja unapaswa kusomwa upya baada ya kufahamu hilo.

Nani basi atatafuta? Wataalamu wa wadudu ni wachache kila mahali na wanazidi kustaafu, kwa hiyo jibu mojawapo ni wananchi wenyewe. Ujerumani ilianzisha mwaka 2012 mpango uitwao Mückenatlas, ambao unawaomba watu wamkamate mbu bila kumponda, wamgandishe kwenye friji, na kumtuma kwa posta. Hispania ina Mosquito Alert, iliyoanza mwaka 2014, ambapo mtu hutuma picha kwa simu na wataalamu huitazama. Mwaka 2018 picha ya mwananchi wa mkoa wa Asturias iliwezesha kutambuliwa kwa Aedes japonicus kwa mara ya kwanza katika nchi hiyo, mbali sana na maeneo mengine ya Ulaya alikojulikana kuwapo, mahali ambapo hakuna mtaalamu ambaye angepanga kutega. Mwezi Oktoba mwaka 2025 Iceland, iliyokuwa ikitajwa kuwa miongoni mwa nchi chache zisizo na mbu, ilithibitisha kukutwa kwa mbu watatu wa spishi ya Culiseta annulata, majike wawili na dume mmoja. Aliyewapata ni mtu aliyekuwa amening'iniza kamba zilizolowekwa katika divai ili kuwavutia nondo. Alikuwa anatafuta kitu kingine, lakini alikuwa anatazama, na alipomwona mdudu asiyemfahamu akamhifadhi na kumpeleka kwa wanaojua.

Ninawaheshimu sana watu hawa, na kwa sababu ya heshima hiyo nasema wazi kwamba taarifa zao zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Watu hutuma picha kutoka wanakoishi, kwa hiyo miji huonekana kuwa na mbu wengi na mabonde yasiyo na watu huonekana kuwa salama. Waandaaji wa Mosquito Alert walilitambua tatizo hilo mapema, wakajitahidi kukadiria ni sehemu zipi washiriki wao walizipitia, ili ukimya wa sehemu yenye washiriki wengi uweze kutofautishwa na ukimya wa sehemu isiyo na mshiriki. Hilo ndilo ninalolidai kwa kila mpango, uwe wa wananchi, wa chuo kikuu au wa serikali. Picha nayo iwe ya kufaa. Mstari mmoja mweupe katikati ya kifua humwonesha Aedes albopictus, na mistari iliyopinda kando ya kifua humwonesha Aedes aegypti, hivyo picha isiyoonesha mgongo wa kifua na miguu ya nyuma huishia kwenye kundi la wasiotambulika.

Kwa mnaofanya kazi hii uwandani, ombi langu ni la kawaida kabisa. Mnapoweka mtego wa kutagia mayai, yaani kikopo cheusi chenye maji na kijiti cha mbao, andikeni tarehe ya kuuweka na tarehe ya kuuondoa, kwa sababu mayai 40 ya wiki moja na mayai 40 ya mwezi mzima ni habari mbili tofauti, na kwa sababu kikopo kilichosahauliwa hugeuka kuwa mazalia. Andikeni mtego ulikuwa wa aina gani. Andikeni sifuri mnapokosa, wala msiiache nafasi wazi, maana nafasi iliyo wazi kesho itasomwa na mtu mwingine kwa namna anavyotaka. Hifadhini mbu kadhaa, wakiwamo wale mnaoamini kuwa ni wa kawaida. Na kumbukumbu hizo zisifungiwe kabatini kusubiri makala ya kitaaluma, kwa kuwa nchi jirani inaihitaji habari hiyo msimu huu. Najua pia kwamba wapo viongozi wanaosita kutangaza spishi mpya kwa kuhofia utalii na biashara. Nawasihi walio na mamlaka waelewe kuwa kutangaza mapema ndiko kunakopunguza hasara, kwa maana mbu aliye katika yadi tatu anaweza kuondolewa, na aliye katika miji thelathini hawezi.

Kwamba anaweza kuondolewa si maneno ya kujifariji. Mwezi Desemba mwaka 1998, baada ya malalamiko ya wakazi waliokuwa wakiumwa na mbu, New Zealand ilimtambua Aedes camptorhynchus kutoka Australia, mbu wa madimbwi ya maji ya chumvi anayeweza kueneza virusi vya mto Ross, vinavyosababisha maumivu ya viungo, katika eneo la Napier. Baadaye alikutwa katika maeneo mengine ya pwani. Nchi hiyo ilichagua kumwondoa kabisa badala ya kuishi naye, ikatumia dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi na dawa inayozuia viluwiluwi kukomaa, na mwaka 2010 ikatangaza kuwa ameondolewa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kurudi tena na tena kwenye madimbwi yaleyale baada ya mbu kutoonekana, kuchota maji, kutokuta kitu, na kuandika kwamba hakukukutwa kitu. Bila kurasa hizo za sifuri, tangazo la mwaka 2010 lisingeweza kuandikwa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.